Galapagos na Machu Picchu kwa safari moja: namna ya kuipanga kifahari bila kupigwa

Wadau, hii ni kwa mwenye hela ya ziada, au anayedunduliza taratibu, au nyie mnaotimiza miaka 25 ya ndoa na watoto wameamua kuwachangia. Kuzunguka visiwa vya Galapagos kule Ekuador kwa meli alafu kupanda Machu Picchu, magofu ya mji wa Wainka, watu wa kale wa Peru, sio kitu cha bei rahisi hata ubane vipi. Ila kuna namna ya kulipa hela nyingi ukaona vitu, na kuna namna ya kulipa hela hizohizo ukaambulia marumaru bafuni na foleni nje. Anasa kule ni meli ndogo, mwongoza watalii anayeijua kazi yake, na siku za kupumua katikati. Ukiona ajenti anakuuzia shampeni kabla hajakwambia meli inapita visiwa gani, huyo muage vizuri uendelee na safari yako.

HATUA YA 1: Meli kwanza, ndege baadaye

Wengi wanaanza kuwinda tiketi ya ndege ya bei poa alafu ndo watafute meli ya kuchomeka kwenye hizo tarehe. Geuza hiyo. Meli za Galapagos zinaondoka siku maalum, na njia yake haipangwi na nahodha, inapangwa na hifadhi ya taifa: meli hairuhusiwi kurudi sehemu ileile ndani ya siku 14, kwahiyo kila meli ina mzunguko wa wiki mbili ambao wenyewe wanaukata vipande vipande na kukuuzia, siku 4, siku 5, siku 8. Ukinunua siku 8 umenunua nusu ya mzunguko, sasa swali ni nusu ipi.

Nusu ya magharibi ni Isabela na Fernandina. Kule mkondo wa Cromwell unakuja chini chini baharini kutokea magharibi, unagonga visiwa na kupandisha maji ya baridi yenye chakula kibao, ndo maana unakuta pengwini palepale kwenye ikweta, ndio, ikweta ileile inayopita Nanyuki, na unakuta mnandi walioacha kabisa kuruka kwa sababu samaki wako hapohapo na hamna mnyama wa kuwakimbiza. Igwana wa baharini, mijusi wakubwa wale, wanalala mmoja juu ya mwenzake pale Punta Espinoza, mamia kwa mamia, wakipiga chafya za chumvi. Fernandina yenyewe ni volkano hai, ililipuka Machi 2024, na waliokuwa kwenye meli siku zile walipata onyesho la usiku ambalo halikuwepo kwenye ratiba.

Nusu ya kusini na mashariki ina Española, San Cristóbal na Floreana. Española ndo kwa albatrosi, ndege wakubwa wa baharini, karibu wote wa aina ile duniani wanazaliana kisiwa hicho kimoja, lakini wapo Aprili mpaka Desemba tu, ukienda Februari utaonyeshwa uwanja. Kisiwa hicho pia kina kobe wenye hadithi nzuri, walibaki 14 tu, wakakusanywa, akaongezwa dume mmoja aliyekuwa kwenye zoo ya San Diego, jina lake Diego, wakazalishwa miaka na miaka, na mwaka 2020 Diego akarudishwa kisiwani mzee akiwa na watoto mamia. Floreana kuna pipa la barua lililowekwa na wavua nyangumi enzi za jahazi kubwa: unaacha kadi bila stempu, unapekua za wenzako, ukikuta ya mtu wa karibu na unapoishi unaibeba unampelekea mkononi. Andika anwani ya Tanga uone itachukua miaka mingapi.

Kaskazini mashariki kuna Genovesa, kisiwa cha ndege, wenye miguu myekundu wamejaa mitini. Ni mbali na usiku meli inacheza.

Ushauri wangu kwa anayekwenda mara moja maishani ni magharibi, isipokuwa kama wewe ni mtu wa ndege, hapo tafuta ratiba yenye Española na Genovesa.

Sasa meli yenyewe. Sheria hairuhusu meli ya kutalii ya zaidi ya abiria 100, kwahiyo hata hizo "kubwa" sio kubwa kihivyo. Silver Origin na Celebrity Flora ni za watu 100, kila kabini na balkoni yake au dirisha kubwa, mapishi ya nguvu, zimetulia baharini. National Geographic Islander II ni ya 48. Alafu kuna za Ecoventura, Origin, Theory na Evolve, watu 20 tu na waongoza wawili, na Aqua Mare ambayo ni yoti ya watu 16. Sheria inasema mwongoza mmoja kwa watu wasiozidi 16, sasa piga hesabu: kwenye meli ya 100 mnagawanywa makundi na mnashushwa kwa zamu, mnapandishwa kwa zamu. Kwenye meli ya 20 mnashuka wote, mnatawanyika, mwongoza anakujua kwa jina na anajua kwamba we unataka papa na mkeo anataka maua. Mimi hela yangu ningeiweka hapo kwenye ndogo hata kama haina jakuzi. Anayesumbuliwa sana na bahari, au mzee anayehitaji lifti, achukue kubwa, hamna aibu.

Bei kwa siku 8 kwenye daraja hilo ni kuanzia kama dola 7,000 mpaka 12,000 kwa mtu na kupanda. Uliza kabla hujalipa: ndege ya kwenda visiwani ipo ndani ya bei? ada ya hifadhi? suti ya kuogelea maji baridi? vinywaji? bakshishi ya wafanyakazi? Kuna kampuni bei yake inaonekana kubwa kumbe imebeba vyote, na nyingine inaonekana nafuu kumbe kila kitu nje. Ukisafiri peke yako jiandae kulipia na kitanda cha mwenzako asiyekuwepo, nyongeza inaweza kufika nusu ya bei au bei nzima ya pili.

HATUA YA 2: Mwezi

Hapa kuna mvutano. Galapagos Januari mpaka Mei ni joto, mvua za ghafla, bahari imelala, maji ya kuogelea yana nyuzi 24 na zaidi, na kasa wanataga. Juni mpaka Novemba mkondo wa Humboldt unaleta baridi, mawingu ya manyunyu wanayoyaita garúa, maji yanashuka mpaka nyuzi 18 hivi, bahari inachafuka zaidi hasa Agosti na Septemba, ila chini ya maji ndo kumejaa chakula na wanyama wana pilikapilika. Andes, milima ya Peru, ni kinyume: kiangazi Mei mpaka Septemba, mvua kubwa Januari mpaka Machi, na Februari ile njia ya kutembea ya Wainka inafungwa kabisa kwa matengenezo ingawa Machu Picchu yenyewe inabaki wazi.

Kwahiyo miezi inayokubaliana ni Mei, Aprili mwishoni pia sio mbaya. Mei bahari bado tulivu, albatrosi wamerudi, na kule Peru mvua zimekata na milima bado kijani. Juni ya mwishoni watu wanaipenda kwa sababu ya Inti Raymi, sikukuu ya jua pale Cusco tarehe 24, lakini hoteli zinajaa na bei inaruka, labda uwe umebukia mwaka mzima kabla.

HATUA YA 3: Visiwa kwanza, milima baadaye

Maajenti wengi watakupangia Peru kwanza, wanasema utapumzika melini mwishoni. Siafiki. Kwanza melini hupumziki, kengele inalia saa 12 na nusu asubuhi na saa 2 uko kwenye mawe na igwana. Pili, na hii ndo kubwa, Peru kuna migomo na maandamano yanayofunga reli ya kwenda Machu Picchu, Septemba 2025 mamia ya watalii walikwama kule chini kwa sababu ya ugomvi wa kampuni za mabasi. Ukichelewa hoteli unapiga simu, wanakusogezea. Ukichelewa meli imeondoka, na hamna mahali pa kuidaka katikati ya bahari kilomita 1,000 kutoka bara. Kwahiyo kile kisichosubiri kiweke mwanzo, na kabla yake weka usiku mbili Ekuador bara kama akiba, begi likipotea Amsterdam liwe na muda wa kukufuata.

Tatu ni chanjo. Tangu Mei 2025 Ekuador inadai cheti cha homa ya manjano kwa wanaoingia wakitokea Peru, Bolivia, Kolombia na Brazil. Sisi wa huku kile kitabu cha njano tunacho, kibebe tu vyovyote vile, hata ukirudi nyumbani watakuuliza maana umetoka nchi zenye huo ugonjwa.

Angalizo kwa wapiga mbizi wa mitungi: ukitoka kuzamia toa saa 24 kabla ya kupanda ndege au mlima. Kuogelea na barakoa na mrija hakuna shida.

HATUA YA 4: Viza na njia ya kufika

Hapa ndo pasipoti zetu zinatukumbusha tunatoka wapi. Mkenya anahitaji viza ya Ekuador, na Peru inataka viza kwa Waafrika karibu wote, wa Afrika Kusini ndo wamesamehewa. Watanzania, Waganda na wengine ulizeni ubalozi kabla ya kulipa chochote kisichorudishwa, na mjipe muda, miezi mitatu sio mingi, maana balozi hizi haziko kila mji na unaweza kutakiwa kutuma pasipoti nchi nyingine. Mwenye pasipoti ya Ulaya, Uingereza, Marekani au Kanada hii hatua airuke.

Njia: ukipitia Miami au Houston lazima uwe na viza ya Marekani hata kama unabadilisha ndege tu na hutoki uwanjani. Ndo maana kwa wengi wetu ni bora Ulaya. KLM inatoka Nairobi, Dar na Kilimanjaro mpaka Amsterdam, kutoka hapo wanakwenda Quito na Guayaquil kule Ekuador, na wanakwenda Lima kule Peru pia, kwahiyo unaweza kununua tiketi ya kuingilia Quito na kutokea Lima, hiyo inakuokolea siku nzima ya kurudi nyuma. Iberia nayo inakwenda kule kutokea Madrid. Ethiopian inakwenda São Paulo ukitaka kupita kusini. Ndugu wa Kongo, wenye pasipoti ya DRC nchi za Schengen zinawadai viza ya kupita uwanjani tu, msije mkaambiwa hivyo kaunta ya Kinshasa au Entebbe mkiwa na mabegi.

HATUA YA 5: Tiketi za Machu Picchu, wiki ileile uliyolipia meli

Usisubiri. Siku hizi huingii Machu Picchu kama unavyoingia sokoni, wanaingia watu 4,500 kwa siku, siku za msimu mkubwa 5,600, kila mtu na saa yake na njia yake. Tangu Juni 2024 njia zimegawanywa mizunguko mitatu, na mtu akikosea hapa analia baadaye:

- Mzunguko wa 1 unakaa juu. Picha ile ya kadi unaipata, ila huingii mjini kwenyewe.
- Mzunguko wa 2 unapata picha na unaingia mjini. Huu ndo unaoisha mapema, huu ndo unaoutaka.
- Mzunguko wa 3 unapita chini, hekalu la jua na sehemu za kifalme, na ndo unaounganishwa na kupanda Huayna Picchu, kale kamlima kenye ncha kanakoonekana nyuma ya kila picha.

Tiketi ya kawaida ni soli 152 (hela ya Peru), yenye Huayna Picchu soli 200, unanunua kwenye tovuti ya wizara ya utamaduni, tuboleto. Jina na namba ya pasipoti viwe vilevile, na ukiwa na pasipoti mpya kati ya kununua na kusafiri beba na ya zamani. Kwa safari ya kifahari nunua mbili: mzunguko wa 1 au 3 mchana wa siku ya kwanza, mzunguko wa 2 asubuhi ya pili. Sababu ni ukungu. Unaweza kusafiri nusu ya dunia ukasimama pale ukaona maziwa matupu, mara mbili zinapunguza bahati mbaya, na tofauti ya gharama ukilinganisha na meli uliyolipia haionekani hata kwa miwani.

Baada ya tiketi ndo treni, maana barabara ya gari ya kukufikisha mpaka kijiji cha Aguas Calientes hamna. PeruRail na Inca Rail zina mabehewa ya kila bei. Ya anasa kabisa ni Hiram Bingham ya Belmond, mabehewa ya mbao na shaba, chakula, muziki, baa nyuma yenye kibaraza cha wazi, mwongoza na kiingilio ndani ya bei, inakaribia dola 1,000 kwenda na kurudi. Inafaa? Kama unapenda treni, ndio. Ila inapangwa kwa ajili ya kwenda na kurudi siku moja, na mimi nshasema lala kule, kwahiyo chukua upande mmoja tu, ule wa kurudi jioni ukiwa umechoka, kwenda panda ya kawaida yenye vioo juu.

HATUA YA 6: Kutua Ekuador

Ekuador inatumia dola ya Marekani tangu 2000, hamna kubadilisha hela. Beba noti ndogo, noti ya 100 watu wanaikimbia. Kwenye suala la usalama nitasema wazi: Guayaquil imekuwa na shida ya magenge, serikali ilitangaza vita nayo Januari 2024, kwahiyo hizo siku mbili za akiba kaa Quito, sio Guayaquil, na ukilazimika Guayaquil lala hoteli ya karibu na uwanja. Quito mji wa kale ni mzuri kweli, ulikuwa kwenye orodha ya kwanza kabisa ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 1978, pamoja na Galapagos yenyewe. Casa Gangotena iko kwenye uwanja wa San Francisco, jumba la zamani, vyumba 31, keti juu ya paa jioni. Quito iko mita 2,850, siku ya kwanza usikimbie ngazi.

Watakupeleka na Mitad del Mundo kwenye mnara wa ikweta. Mnara umekosea mstari kwa mita kama 240, na mchezo wa maji yanayozunguka kulia na kushoto ni uleule wa Kayabwe kule Uganda, njia ya Masaka, kiini macho kilekile, tofauti Kihispania.

Uwanjani siku ya kwenda visiwani kuna mambo matatu na yanafuatana: unalipa kadi ya kuingia visiwani dola 20, mabegi yanakaguliwa wasije na mbegu, matunda wala udongo, alafu ukitua Baltra au San Cristóbal unalipa ada ya hifadhi dola 200 taslimu, mtoto chini ya miaka 12 dola 100. Ilikuwa 100 kwa mtu mzima mpaka Agosti 2024. Safisha soli za viatu nyumbani. Sio urasimu wa bure, mbuzi walioachwa na mabaharia walizaana kule wakamaliza majani ya kobe, ikabidi hifadhi iwaondoe zaidi ya 100,000 kwa risasi, wakiwindwa mpaka kwa helikopta. Mtu wa kwetu akisikia hiyo anawaza mchuzi tu.

HATUA YA 7: Melini

Siku inakwenda hivi: kushuka asubuhi, kuogelea, chakula, meli inasogea, kushuka tena jioni, mkutano wa kesho, chakula, kulala, na usiku meli inatembea. Vidonge vya kichefuchefu meza kabla meli haijaondoka, sio ukishaanza kuona kijani. Omba kabini ya katikati na ya chini, za mbele juu zinapendeza kwenye picha tu.

Kushuka kuna aina mbili, kavu na ya maji. Ya kavu boti la mpira linakushusha kwenye mwamba, vaa viatu vya kukamata. Ya maji unaruka ufukweni maji magotini, vaa sandali. Mnaambiwa mapema, sikiliza.

Mita 2 kutoka kwa mnyama, hiyo ni sheria. Shida ni kwamba mnyama hajaisoma. Simba bahari atakuja kulala kwenye taulo lako, ndege wa miguu ya buluu atacheza ngoma ya uchumba katikati ya njia na nyote mnasimama mnasubiri amalize, kwa sababu njia ni ya kwake. Hamna flash, hamna kuokota jiwe wala ganda la konokono, hamna kutoka kwenye njia. Na usikae melini wakati wa kuogelea ukisema maji baridi. Chini kule kuna kasa, papa wa ncha nyeupe wamelala mchangani bila habari na wewe, pengwini wanapita kama risasi. Nusu ya hela uliyolipa iko chini ya maji. Usiyejua kuogelea sema mapema, kuna jaketi na boti la kukuvuta, na kama una miezi sita mbele yako chukua mwalimu wa kuogelea hapo mtaani, hiyo itakufaa kuliko kupandisha daraja la kabini.

Kobe wakubwa utawaona nyanda za juu za Santa Cruz, wanatembea mashambani kwa watu. Kobe wa aina hii wa porini wamebaki sehemu mbili duniani, huku na Aldabra kule Shelisheli, hao wa Aldabra ndo ukoo wa wale wa Changuu pale Unguja. Angalia gamba: wa visiwa vya majani mengi wana gamba la duara, wa visiwa vikavu gamba limeinuka mbele wapate kunyoosha shingo kufikia dungusi. Darwin alipita 1835 akakaa wiki tano tu, na aliyemwambia kwamba kobe wanatofautiana kisiwa kwa kisiwa alikuwa makamu gavana wa pale, mwenyewe hakulitilia maanani mpaka baadaye.

HATUA YA 8: Kupanda, ila kwa kushuka

Kutoka Baltra utafika Lima usiku, lala hoteli ya karibu na uwanja, kesho asubuhi ndege ya Cusco. Cusco iko mita 3,400. Sasa usilale hapo. Pokewa uwanjani, ingia gari, teremka moja kwa moja Bonde Takatifu, Urubamba au Ollantaytambo, mita kama 2,800 hivi, kaa siku tatu huko, alafu Machu Picchu ambayo iko mita 2,430, na Cusco uiweke mwisho mwili ukiwa umezoea. Yani unapanda kwa kushuka. Hoteli ya anasa Cusco kabla ya kuzoea ni kulipia chumba cha kuumwa kichwa. Waliopanda Kilimanjaro wanajua habari za Diamox, dawa ya kusaidia mwili kuzoea mwinuko, ongea na daktari wako nyumbani kabla hujaibeba. Chai ya majani ya koka utapewa kila mahali, kunywa, ni halali kule. Siku ya kwanza kula kidogo, pombe weka pembeni.

Bondeni usikimbizwe. Ollantaytambo panda ngazi mpaka kwenye mawe sita makubwa yaliyosimama, alafu geuka uangalie ng'ambo ya mto, machimbo yako kule juu mlima wa pili, waliyashusha, wakayavusha mto, wakayapandisha, bila gurudumu, bila chuma, bila ng'ombe wa kukokota. Maras kuna mashimo ya chumvi zaidi ya 3,000 ubavuni mwa mlima, yanamilikiwa na familia za hapo. Moray ni matuta ya duara yanayoshuka ardhini. Pisac nenda asubuhi mapema kabla ya mabasi. Hapa ndo uajiri mwongoza wako binafsi mwenye gari, hela kidogo ukilinganisha na mengine, anakuondoa kwenye ratiba ya kundi, na kama anatoka kijiji cha hapo utakula viazi vilivyochomwa ardhini kwa mama mmoja badala ya bufee. Simbilisi wa kuchoma pia atakuja na kichwa chake, we utaamua.

HATUA YA 9: Machu Picchu

Begi kubwa liache hotelini Urubamba, kwenye treni unaruhusiwa dogo tu. Langoni begi lisizidi sentimita 40 kwa 35 kwa 20, hamna mwavuli, hamna fimbo ya selfi, hamna droni, hamna chakula, fimbo ya kutembelea iwe na mpira chini. Pasipoti halisi mkononi. Choo kiko nje ya lango na cha kulipia, ndani hamna, na ukitoka hurudi, kwahiyo maliza hiyo habari kwanza. Basi kutoka kijijini dola 24 kwenda na kurudi, dakika 25 hivi za kona. Kulala, ukitaka kuepuka foleni ya basi kuna hoteli moja tu langoni, Sanctuary Lodge, ghali na vyumba vichache. Mimi ningelala chini Inkaterra, vijumba kwenye bustani ya msitu, ndege wadogo wa kunyonya maua kila mahali.

Ndani usiishie kwenye picha. Mji ulijengwa karne ya 15, enzi za mfalme Pachacuti, na ukaachwa karne moja baadaye, Wahispania hawakuwahi kuufika kuubomoa ndo maana umesimama. Gusa kwa macho zile kuta: mawe yamekaa bila saruji hata chembe, milango mipana chini na myembamba juu, kuta zimelalia ndani kidogo, tetemeko likija mawe yanacheza kisha yanarudi kukaa. Na kazi kubwa huioni, iko chini ya miguu yako, misingi na mifereji ya kunyonya mvua, bila hiyo mji ungeshateleza mtoni. Mwambie mwongoza akuonyeshe chemchemi 16 zinazoteremka kwa mfuatano, na jiwe la Intihuatana lililomegwa ncha mwaka 2000 na watu waliokuwa wanapiga tangazo la bia. Atakwambia Hiram Bingham, Mmarekani ambaye ile treni ina jina lake, aligundua 1911. Mwongoza mzuri ataongeza kwamba Bingham alionyeshwa njia na mkulima wa hapo Melchor Arteaga, na alikuta kuna familia zinalima pale juu, na jina la Agustín Lizárraga limeandikwa ukutani na mkaa, 1902.

HATUA YA 10: Cusco, Lima, nyumbani

Cusco siku mbili. Monasterio ilikuwa seminari, wana vyumba wanavyoongezea oksijeni usiku kwa malipo, kama ulifuata hatua ya 8 hutaihitaji. Qorikancha ndo ya kwanza, Wahispania walijenga konventi juu ya hekalu la jua, tetemeko la 1950 likabomoa sehemu ya konventi na kuta za Wainka zikabaki palepale. Alafu Sacsayhuamán juu ya mji, kuna mawe ya zaidi ya tani 100.

Lima weka usiku mmoja wa kula. Mgahawa wa Central ulishika namba moja duniani 2023, Maido 2025, zote zinabukiwa miezi kabla, fanya hivyo siku uliyonunua tiketi ya ndege. Asubuhi makumbusho ya Larco.

Kununua: skafu ya "mtoto wa alpaka" ya dola 10 mtaani ni poliesta. Alpaka halisi ni nzito na ya baridi mkononi, nenda duka lenye lebo. Vikunya ni sufu ya bei ya kutisha na lazima iwe na cheti cha serikali. Vyungu na vitambaa vinavyodaiwa ni vya kale usinunue hata kwa utani, kutoa mambo ya kale Peru ni jela. Na yale majani ya koka na vipakiti vya chai yake vilivyobaki kwenye begi, Ulaya ni dawa za kulevya kisheria hata kiwe kimoja, kwahiyo vinywe vyote Lima au waachie watu wa hotelini kabla ya kwenda uwanjani.